Chupa za Mwisho wa Pipa

Mimi sisaini kitu kwa kubembelezwa, na shemeji yangu analijua hilo. Ndiye mkuu wa maabara yetu na ndiye mume wa dada yangu, kwa hiyo akitaka jambo gumu huniita shemeji badala ya mkemia.

"Shemeji, gari liko nje," alisema asubuhi ile, akinisogezea cheti cha unga na kalamu. "Chupa kumi zimepimwa, zote sawa. Unasubiri nini?"

Tunatengeneza unga wa kulinganishia. Kila chupa huandikwa kiasi cha madini ya risasi kilichomo, na maabara nyingine hurekebisha mashine zao kwa kuufuata. Tukikosea sisi wanakosea wote, na unga wenye sumu unapita madukani kama safi.

"Hizo kumi zilitoka wapi?"

Mpimaji wetu akatazama viatu vyake. "Boksi la mlangoni. Ndilo lililokuwa karibu."

Nilichemka. Boksi la mlangoni ndilo lililojazwa kwanza, kutoka juu ya pipa. Na pipa lilikuwa limesukumwa kwa toroli kutoka chumba cha kusagia, likitikisika njia nzima. Unga ukitikiswa, chembe laini huzama chini, na risasi imejaa humo.

"Nipimieni chupa za mwisho."

"Unanitia aibu kwa wateja," shemeji alininong'oneza.

"Mwanao anakula unga unaopimwa na hao wateja."

Akanuna, lakini hakubanduka. Tulisimama mbele ya mashine hadi majibu yakatoka. Chupa za mwisho zilikuwa na risasi nyingi kuliko ilivyoandikwa, tena nyingi mno.

Shemeji alimrudisha dereva, akavaa barakoa, akaanza kufungua chupa mojamoja na kumimina unga kwenye pipa. Tuliuchanganya upya, safari hii palepale pa kujazia chupa, bila toroli. Kusaini nilisaini baadaye, baada ya kupima chupa za mwanzo, za kati na za mwisho.

Jioni ile dada alinipigia simu akicheka. "Mume wangu karudi na unga hadi kwenye nyusi! Kulikoni?"

"Muulize mwenyewe."

Nikamsikia shemeji kwa mbali, akimbembeleza mtoto. "Mwambie mkemia nimemshukuru."

"Mkemia gani? Si shemeji yako huyu?"

"Leo ni mkemia," alisema.