Kura ya Mama Fabian

Nafula alikuwa ameshaacha kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli kule Al Sadd, mjini Doha, na Jumapili angepanda ndege kurudi Bungoma kugombea kiti cha wadi yao katika bunge la kaunti. Ijumaa hiyo, mwaka 2017, aliwaita watu wa kwao chumbani kwa Pamela, mtaa wa Najma. Aliwataka jambo moja tu: kila mtu apige simu nyumbani aseme, "Mchagueni Nafula." Kule kijijini neno la mtoto aliye Doha linapita mabango mia, na bila simu hizo hana chake.

Wangemkatalia vipi? Miaka sita yeye ndiye mwenyekiti wa chama chao cha kufaana. Mtu akilazwa, Nafula yuko. Mwajiri akificha pasipoti ya mtu, Nafula yuko mlangoni mwake, hapepesi jicho.

Basi nani alitoa simu? Thubutu! Walimkodolea macho kama mwizi wa kuku.

"Sema mwenyewe ulichofanya kwenye mazishi ya Fabian," Pamela akamwambia.

Fabian, dereva, alifia Al Wukair, nje ya Doha, mwaka uliotangulia, na Nafula ndiye aliyeisindikiza maiti nyumbani. Kwao, aliyeleta maiti husimama kwanza aeleze marehemu aliugua lini, nani alikuwa naye, na neno lake la mwisho lilikuwa nini. Mama hungoja maneno hayo kuliko hata mahubiri. Nafula alipopewa kipaza sauti alianza na jina lake, cheo chake, na kiti anachokitaka. Habari za Fabian zikaja baadaye, mbio mbio, mvua ikitishia kunyesha.

"Watu walikuwa wengi," Nafula akasema. "Niliteleza."

"Ukateleza ukaangukia siasa!" Pamela akacheka kwa dharau. "Ulianza lini kutuhesabu kura, sisi wagonjwa wako?"

Hilo lilimchoma, maana halikuwa uongo mtupu. Nafula akapandwa na hasira. "Na nyinyi mlikuwa wapi siku tatu nilizokaa hospitalini nikingoja karatasi za maiti? Hamna shukrani hata kidogo!"

Ronny, mdogo wake Fabian, akatoa simu yake. Alimpigia mamake, akafungulia sauti wasikie wote.

"Mama, Nafula yuko hapa. Anataka kura yako."



"Mwambie nitampa," mama akajibu. "Mimi, wakaza wanangu, na akina mama wenzangu wa kanisani. Mtoto wangu hakuzikwa ugenini. Hilo alifanya yeye, siwezi kumnyima."

Nafula akashusha pumzi, akafungua kinywa kushukuru.

"Sijamaliza. Akishinda, asije kwangu kusema asante. Na siku nikifa, Ronny, akija mazishini mketishe nyuma. Asinisemee hata neno moja."

Simu ikakatika. Wengine nao wakatoa zao, mmoja baada ya mwingine, wakapiga nyumbani, wakalitaja jina lake kama alivyoomba. Nafula alikuwa amesimama katikati yao akilia waziwazi, na hakuna aliyemwambia pole.