Aliyetafuta Sakafu

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya Jumatatu, mwalimu wa kuzamia alikuwa ukingoni mwa bwawa akikagua mitungi ya hewa. Aliufungua kila mmoja kidogo, akasikiliza mlio wake, akaufunga. Mitungi minane kwa wanafunzi wanane. Alipoinama kusuuza miwani ya kuzamia, akaona mtu chini ya maji, upande wenye kina. Alikuwa amepiga magoti juu ya vigae, mikono mapajani, ametulia kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Alikuwa yule fundi cherehani waliyemzika Jumamosi.

Mwalimu akaenda stoo akaleta mtungi wa tisa.

Zamani mafunzo ya wanaoanza yalichukua siku tano. Mwenye shule, ambaye kila mtu alimwita Kapteni ingawa hajapata kuendesha hata mtumbwi, aliyapunguza yakawa siku mbili. Wateja wake walikuwa watu wa likizo, na likizo ni fupi. Ili siku mbili zitoshe, wanafunzi walifundishwa wakiwa wamepiga magoti kwenye sakafu ya bwawa, wamepangwa mstari. Aliyepiga magoti hayumbi wala hapandi. Unamvua miwani, unamwonyesha namna ya kuivaa tena na kuyapuliza maji kwa pua, kisha unahamia kwa jirani yake. Dakika tatu kila mtu. Kuelea katikati ya maji bila kushika kitu, kwa kutumia pumzi tu, kulihitaji siku nyingine nzima na subira, kwa hiyo kulibaki kwenye fomu tu. Mwalimu alitia saini mahali hapo kila wiki, na mkono wake ulishazoea.

"Mengine watajifunza hukohuko baharini," Kapteni alikuwa akisema.

Baharini hakuna vigae. Siku ya kwanza ya fundi huko, miwani yake ilijaa maji akiwa mita kumi chini. Akafanya kama alivyofundishwa, akashuka ili apige magoti. Alishuka akiitafuta sakafu, na sakafu ya mahali pale ilikuwa mita hamsini chini yake. Mwalimu alimfuata mpaka masikio yakataka kupasuka, akamkosa kwa urefu wa mkono.

Jumatatu hiyo somo liliendelea. Wanafunzi wapya walishuka, wakapanga mstari, na yule wa pembeni akasogea kidogo kumwachia fundi nafasi. Mfagizi wa bwawa alipitisha brashi yake ndefu akimzunguka. Kapteni alisimama juu na orodha mkononi, akahesabu vichwa mara mbili.

"Mbona wako tisa?"

"Mmoja ni wa kundi lililopita," mwalimu akajibu.

Kapteni akachungulia, akamtambua. Akatazama na kipimo cha mtungi wa fundi, ambacho tangu asubuhi hakikuwa kimeshuka hata alama moja.

"Sawa. Huyu angalau hatumalizii hewa."

Mchana fundi aliketi kwenye benchi, maji yakimchuruzika bila kukoma. Mama yake alikuja kwa miguu na shati kavu na taulo, kwa kuwa alijua mwanawe hupenda kusahau vitu. Mwalimu alimwamkia, mama akaitikia, akaanza kumfuta mwanawe kichwa.

"Niliitafuta sana ile sakafu, mwalimu," fundi alisema. Alisema kwa upole, kama mteja anayerudisha suruali iliyokatwa fupi. Hakuwa na lawama hata chembe, na hicho ndicho kilichomchoma mwalimu.

"Kwani hamkumfundisha?" mama akauliza.

Mwalimu angeweza kuzungushazungusha maneno. Hakuyazungusha. "Hatukumfundisha, mama. Nilitia saini tu."

Mama aliendelea kufuta. Alifuta hadi nyuma ya masikio, alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo.

"Basi mfundishe, binti yangu. Hawezi kukaa hivyo."

Wakaanza siku hiyohiyo saa kumi alasiri, wengine walipoondoka. Kuelea ni kazi ya pumzi. Ukivuta, unapanda kidogo, ukitoa, unashuka. Shida ni kwamba fundi hakuwa tena na pumzi, ikabidi aanze kwa kujifunza kuvuta. Jumatatu alifyatuka hadi juu akagonga ngazi. Jumanne alizama na kurudi kwenye magoti yake mara kumi na moja. Jumatano akatulia. Alivuta polepole, akaachia polepole, magoti yakaachana na vigae, akabaki katikati ya maji, hapandi hashuki.

Mwalimu akampa ishara avue miwani. Fundi aliivua, akakaa macho wazi, akaivaa, akaipuliza mpaka ikawa safi, na muda wote huo hakusogea. Mwalimu alilia chini ya maji, ikamlazimu aipulize na yake.

"Ni kama kupitisha hariri kwenye cherehani," fundi alieleza walipotoka. "Ukiivuta, umeiharibu."

Alhamisi mkaguzi wa leseni alikuja kuhusu kile kifo. Mwalimu alikuwa amekata shauri tangu usiku kusema yote, hata kama angefukuzwa kazi. Alitaka kitu kimoja tu: zile siku tano zirudi, kabla ya mtu mwingine kushuka akitafuta sakafu. Katika ofisi ya Kapteni, mbele ya Kapteni mwenyewe, alieleza habari ya magoti, ya dakika tatu na ya saini. Mkaguzi alimsikiliza bila kumkatiza, akaandika.

"Marehemu yupo?" akauliza.

"Yupo bwawani."

Wakatoka wote watatu. Mkaguzi alichuchumaa ukingoni, akatazama saa yake na kumtazama fundi akielea, akivua miwani, akiivaa. Dakika sita zikapita.

"Anaelea kuliko mimi," mkaguzi alisema.

"Amejifunza jana, bwana mkaguzi. Ameshakufa."

Mkaguzi alifunua karatasi zake, akafuatisha mistari kwa kidole. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma mara mbili ili asimwonee mtu.

"Fomu inauliza kama mwanafunzi amefundishwa kuelea. Amefundishwa. Haiulizi lini. Na saini iko."

"Na hizo siku mbili?"

"Hizo ni za shule kupanga. Ukiwa na pendekezo, andika barua."

"Nimeshaandika tatu."

"Ongeza nyingine," mkaguzi alisema, akagonga mhuri. Kapteni akamfungulia soda.

Jioni Kapteni alimwita mwalimu. Hakufoka. Alimwambia kwamba moyo wake ni mzuri ila mdomo wake ni mrefu, na kwamba yuko mwalimu mwingine, mwenye vyeti vyote, anayemaliza kundi kwa siku moja. Mwalimu alifikiria siku hiyo moja, akafikiria nani angekuwa na wanafunzi humo majini, akaomba radhi.

Mama wa fundi alikuwa bado kwenye benchi.

"Ameshajua?"

"Ameshajua, mama. Anaelea vizuri sana."

"Basi mbona harudi kupumzika?"

Mwalimu alitazama vigae ambapo Jumatatu wangepiga magoti wengine. Alisema hajui, na wakati akisema alikuwa anajua.

Jumatatu iliyofuata walikuja wanane wengine. Walishuka, wakapiga magoti kwenye mstari, na mwalimu akaanza upande wa kushoto. Juu ya vichwa vyao, katikati ya maji, fundi alielea ametulia. Kivuli chake kilipita juu ya vigae.

Wa sita alikuwa muuguzi, mwanamke wa makamo, aliyechukua likizo yake ya kwanza baada ya miaka tisa. Wakati akisubiri zamu yake aliinua macho akamwona fundi. Alimtazama kwa makini, kama watu wa kazi yake wanavyomtazama mtu akipumua. Kisha akavuta pumzi ndefu, taratibu, kama yeye. Magoti yake yaliachana na sakafu. Upana wa kiganja, halafu viganja viwili. Akabaki hapo, na ndani ya miwani macho yake yalikuwa yanacheka.

Robo saa tu ingemtosha kujua kuelea. Mwalimu aliangalia saa yake: walikuwa wamebaki watatu, na juu, nyuma ya maji, miguu ya Kapteni ilikuwa imesimama ukingoni. Aliona aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe. Akaweka mkono begani kwa muuguzi, kwa upole, akamshusha mpaka magoti yakagusa.