Aliyezima Swichi

Dereva alimpandisha mama yake kwenye teksi yake ya umeme, akamfunga mkanda, akazunguka upande wake na kuwasha gari. Alichokiona kwenye dashibodi kilimkata maini. Betri ilikuwa na asilimia kumi na sita, zilezile alizoziacha jana jioni. Waya ulikuwa umechomekwa vizuri kabisa, huku kwenye gari na kule kwenye soketi ya ukutani, umejilaza pale kama hauna kosa. Swichi ya soketi ndiyo iliyokuwa imezimwa.

Alikuwa amechoka hata kabla siku haijaanza. Wiki nzima alikuwa akibeba abiria mpaka mgongo unakataa, ili leo asifanye kazi, ampeleke mama. Lakini mtu hata achoke vipi, hasira haikosi pa kupitia. Alirudi mpaka mlangoni, mkewe akiwa anasugua sufuria.

"Mama watoto, nani kazima swichi ya gari?"

"Sijui. Mimi nililala kabla yako."

"Kwa hiyo imejizima yenyewe?"

"Basi nimezima mimi. Umeridhika?" Mkewe akaingia ndani na sufuria lake, na mlango ukafungwa kwa kishindo cha kutosha.

Mama yake alikuwa ametulia kwenye kiti cha mbele, mkoba kaukumbatia kifuani. Hakutia neno, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kushangaza, maana mama huyo alikuwa na neno kwa kila kitu.

Soketi ya pale nyumbani ilikuwa ya kawaida tu, ya kupigia pasi. Ililipatia gari umeme kidogo kidogo, usiku kucha, na kukipambazuka ndipo betri inakuwa imejaa. Fundi umeme aliwahi kuitwa aone kama wanaweza kufunga kile kisanduku cha kuchajia cha ukutani, ambacho kazi ya usiku mzima huimaliza kwa saa chache. Fundi alizitazama nyaya za nyumba ile, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mkizitwisha hizi mzigo huo, mtalala nje," alisema, akafunga mkoba wake. Wakabaki na soketi ya pasi na sharti moja tu, kwamba gari likichomekwa, swichi haiguswi.

Na ije kuguswa leo! Hospitali ya macho ilikuwa mbali, kwenye mji wa pili ukifuata barabara kuu, na daktari bingwa huja kwa msimu. Mama alikuwa amengoja miezi mingi kupata nafasi ya kupasuliwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Asiyekuwepo jina lake likiitwa hurudi mwisho wa foleni na kuanza kungoja upya. Basi la asubuhi lilishaondoka. Ilibaki mashine ya chaji ya haraka, kwenye kituo cha mafuta cha njia panda.

Mashine zilikuwa mbili. Moja ilizungushiwa utepe, mbovu, hakuna ajuaye tangu lini. Nyingine ilikuwa imekamatwa na Mzee Mia.

Madereva walikuwa na utaratibu wao pale, ambao hakuna aliyewahi kuuandika lakini kila mtu aliufuata: ukifika themanini, chomoa, mwachie mwenzio. Mpaka themanini mashine hukimbia. Ikivuka hapo hupunguza mwendo, maana betri yenyewe haitaki tena kulishwa haraka, na zile ishirini za mwisho huchukua muda mrefu kuliko zote zilizotangulia. Mzee Mia, mstaafu asiye na safari yoyote ya maana, hakuondoka bila mia. Ndipo alipolipatia jina. Hapo alikuwa kwenye themanini na nne, kiti kakilaza, kofia usoni.

Dereva akagonga kioo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zimebaki kumi na sita tu, kijana."

"Hizo kumi na sita ndizo zinazotesa, mzee wangu. Nampeleka mama hospitali."

"Sasa mimi nikiondoka haijajaa, siku nzima roho haitulii."

Dereva alivuta pumzi ajaribu tena, mara sauti ikatoka nyuma yake.

"Mwache mzee wa watu ajaze gari lake!"

Mama alikuwa ameshusha kioo na kutoa kichwa nje.

"Mama, tunachelewa!"

"Tukichelewa tumechelewa. Kwani kuna mtu alinisikia nikisema nina haraka?" Akageuza uso. "Jaza, baba. Jaza mpaka ifurike."

Mzee Mia aliinua kofia. Mama hakuwa akimwangalia yeye. Maneno yote yale alikuwa akiyaelekeza kwenye pampu ya dizeli, kwa adabu zote, mpaka na tabasamu. Mzee akakaa wima, akatazama pampu, akamtazama mama. Halafu akashuka, akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe na kumkabidhi dereva.

Namba zikaanza kupanda. Dereva akarudi garini, akalaza paji la uso kwenye usukani.

"Leo jioni mimi na mama watoto tutazungumza," alisema. "Haiwezekani."

"Usimwambie kitu mwenzio," mama akasema. "Nimezima mimi."

Dereva hakuinua kichwa. "Ulidhani ni ya taa."

"Nilijua ni ya nini. Nimeupapasa ule ukuta mzima mpaka nikaipata."

Hapo akainuka. Maneno yalimjaa mdomoni: miezi yote ile ya kungoja, mgongo wake, jinsi alivyomfokea mkewe bure asubuhi.

"Kwa nini, mama?"

Mama alikuwa anasokota ukanda wa mkoba wake. "Daktari alisema huko nyuma ya jicho hawaoni kitu kwa sasa. Mpaka watoe huo mtoto wa jicho ndipo wajue kama kuna uzima au pameharibika. Wewe ulikuwa unaongea na simu, mimi ndiye niliyemsikia." Akausokota ukanda tena. "Sasa hivi nisipoona, najiambia nitaona wakinipasua. Wakishanipasua na nisione, nitajiambia nini?"

Dereva alitazama kioo cha dashibodi. Hamsini na tatu. Hamsini na nne.

"Sijui, mama," alisema.

"Angalau hujanidanganya."

Baadaye mama akanyoosha mkono, akaupapasa uso wa mwanawe kuanzia kidevuni kwenda juu, akaishia kichwani.

"Umekonda," alisema. "Na nywele zimepungua."

"Zilizobaki zina mvi."

"Mvi? Wewe? Muongo."

"Haki ya Mungu. Mbele hapa zote."

"Na hakuna hata mmoja humo ndani aliyeniambia!" Mama alikasirika kweli, kama mtu aliyeibiwa. Alirudisha mkono wake, akaupeleka tena palepale mbele ya kichwa cha mwanawe, akaukaza, kana kwamba mvi zingeweza kushikika.

Betri ilipotosha kwa safari, dereva alishuka akachomoa. Akarudi, akakaa, hakuondoa gari.

"Tunaenda wapi, mama? Sema wewe. Ukisema nyumbani, nageuza."

Gari lililokuwa nyuma likapiga honi.

"Endesha basi," mama alisema, "kabla sijaghairi. Nataka kuziona hizo mvi."

Aliingiza gari barabara kuu akiliendesha kwa mkono mmoja, maana ule mwingine mama alikuwa ameukamata, na hakuuachia mpaka walipomwita jina kule hospitali.