Kisanduku Cheupe

Krrr. Kimya. Krrr. Kimya.

Sauti ilipita kwenye ukuta wa mbao na kumfikia fundi wa kompyuta chini ya meza, alikojikunja na tochi mdomoni akifunga nyaya. Ilikuwa printa ya dirisha la dawa, chumba cha pili, ikitema lebo za kubandika kwenye pakiti. Alitabasamu. Wiki nzima alikuwa amewafundisha wahudumu wa zahanati fomu yake mpya, na leo ndiyo ilikuwa imeingia kazini. Walimwita Kichwa kwa utani. Yeye akalipokea jina hilo kama cheo.

Krrr. Kimya.

Tochi ikamdondoka mdomoni. Mbona kengele hailii?

Juu ya ile fomu, pembeni, palikuwa na kisanduku kimoja. Likifunguliwa jina la mgonjwa ambaye kuna dawa inamdhuru, kisanduku kiligeuka chekundu na kompyuta ikalia ti! ti! ti! mpaka mfamasia ainyamazishe. Kikibaki cheupe, dawa inatoka. Hapakuwa na maswali mengine; macho ya wahudumu wote yalikuwa kwenye kisanduku. Fomu ya zamani nayo ilikuwa na kisanduku na kengele hiyo, na siku za kawaida mfamasia aliitukana kwa kumpigia kelele. Leo, tangu dirisha lifunguliwe, haikuwa imelia hata mara moja.

Alitoka chini ya meza, akajigonga kisogo, wala hakusikia maumivu. Akawasha kompyuta yake, akaifungua fomu upande wa ndani, ule ambao wahudumu hawauoni.

Fomu haina kitu tumboni. Data inakaa kwingine, na ndani ya fomu mna mstari mmoja unaoiambia ikachote wapi. Wakati wa mafunzo aliuelekeza mstari huo kwenye nakala ya mazoezi. Majina ya wagonjwa yalikuwa yaleyale, ila sehemu ya dawa zinazowadhuru alikuwa ameifuta yote ili wanafunzi wajizoeze kuijaza. Na ili mtu asichanganye, alikipaka kichwa cha fomu rangi ya kijani. "Kijani mazoezi, buluu kazi," aliwaimbisha, nao wakaimba. Jana jioni akaipaka buluu, mganga mkuu akampiga begani kwa sifa, akaenda nyumbani kifua mbele.

Rangi aliibadilisha. Mstari hakuugusa. Ulikuwa unamtazama sasa, na mwishoni mwake limeandikwa neno: mazoezi.

Jasho likamtoka mgongoni, baridi kama maji ya mtungi. Kuubadilisha mstari ni kazi ya kufumba na kufumbua, na nani angejua? Akaandika njia ya data halisi, akabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikakataa: fomu inatumika dirishani.

Krrr, ikasema printa.

Akaingia chumba cha dawa. "Dada, ifunge fomu kidogo, naisafisha."

Mfamasia hakugeuka hata shingo. "Foleni imefika getini, wewe unaleta fagio? Nenda zako, Kichwa."

Watu wakacheka. Mkono wa mfamasia ulikuwa umeshika pakiti, unaipitisha dirishani kwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Kichwa akaurukia, akaipokonya.

"Usitoe! Dada, usitoe hata kidonge kimoja. Visanduku vyote ni vyeupe vya uongo. Fomu inasoma data ya mazoezi. Nimekosea. Mimi."

Mfamasia akamtazama, kisha akaitazama ile buluu ya kwenye skrini kana kwamba imemzomea. "Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Hakumtukana, na hilo lilimtisha kuliko tusi. Alitoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Aliyepewa dawa asimeze! Rudini hapa wote!" Kisha akaifunga fomu.

Kichwa aliubadilisha mstari, akakosea, akafuta, akaandika tena. Fomu ikafunguka. Mfamasia akaanza kuita majina ya waliokwisha kuhudumiwa, mmoja baada ya mwingine. Cheupe. Cheupe. Cheupe. Kichwa alianza kuvuta pumzi.

Ti! ti! ti!

Kisanduku kilikuwa chekundu kama kidonda. Lile jina alilijua kabla ya kulimaliza. Ndilo lililojaza nafasi ya mzazi kwenye fomu zake zote za shule. Mjomba wake, fundi saa, aliyemlea.

"Alikuja na jino linamuuma," mfamasia alinong'ona. "Nimempa penisilini."

Kichwa alivuka barabara bila kuangalia magari. Mjomba alikuwa kibandani pake, kioo jichoni, shavu limevimba.

"Mjomba, dawa! Umemeza?"

"Muda si mrefu. Mbona unakuja kama mwizi anayefukuzwa?" Akajikuna shingo. "Ila kuna kitu kinaniwasha, mpwa wangu, na koo..." Sauti ikamkwaruza. Midomo ilikuwa imeanza kujaa.

Akambeba mgongoni. Njia nzima alisikia pumzi ya mjomba sikioni mwake, ikipiga mluzi, kila mara nyembamba zaidi, na yeye akawa anasema "vuta, mjomba, vuta" mpaka mlangoni, ambako nesi, aliyeitwa na mfamasia, alikuwa amesimama na sindano tayari.

Kisha ikawa kungoja. Alikaa chini sakafuni, kashika mguu wa kitanda, anasikiliza. Mluzi. Mluzi. Ukalegea taratibu, ikaja pumzi nzito ya mtu mzima aliyechoka.

"Wanasema ni wewe," mjomba alisema, macho kayafumba.

"Ni mimi. Nilibadilisha rangi, nikasahau cha ndani."

Mjomba akafumbua macho. "Hata saa, ukiifunga mfuniko bila mashine, inang'aa vilevile."

"Wewe hufanyaje?"

"Naitia sikioni kabla sijamrudishia mwenyewe. Hujaniona miaka yote hiyo? Au ulikuwa unasoma?"

Kichwa alitaka kucheka, kikatoka kilio. Akainuka, akaushika mkono wa mjomba, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni:

"Mjomba, naapa mbele yako. Kila nitakapoigusa fomu ile, dirisha halitafunguliwa mpaka nilifungue jina lako kwanza, nisimame pale nisikilize. Kengele isipolia, hakuna atakayepewa hata kidonge."