Komeo la Lango la Vaghjai

Hasira ya Hausabai ilianza saa nne asubuhi, na aliyeianzisha ni Shirish kwa mdomo wake.

Hausabai alikuwa amechuchumaa kwenye kibanda chake huko juu kabisa ya ngome ya Vaghjai, akisukasuka mtindi wa kuuza, na mkate wa mtama ukiiva mekoni. Kundi la wageni kutoka jiji la Pune lilisimama kando ya birika la mawe, wamelowa jasho la ngazi mia saba. Shirish ndiye aliyewatembeza, mwanamume mwenye miwani myeusi na sauti ya mnadi wa sokoni. Alikuwa ameshawaingiza pango la mungu wa kike. Alikuwa ameshawapigisha kelele ukingoni ili wasikie sauti zao zikiwarudia. Hata jabali alilodai wafungwa walikuwa wakitupwa kutoka juu yake walikuwa wameshalipiga picha. Hakuna mfungwa aliyetupwa pale. Pale watu walikuwa wakianika pilipili.

"Sasa niwape siri ya ngome hii," Shirish akasema, akashusha sauti ili wasogee. "Jeshi la Delhi lililala kule chini miezi sita, likashindwa kupanda hata ngazi kumi. Basi ngome ilianguka vipi? Kwa mtu mmoja! Bawabu, jina lake Metkari. Alipokea mfuko wa dhahabu, usiku akaenda langoni peke yake, akasukuma komeo, adui akaingia. Na ukoo wake mnauona huo hapo, unawauzia mtindi."

Wageni wakageuka wote kwa pamoja. Simu zikainuliwa.

Hausabai Metkari aliacha mti wake wa kusukia ndani ya chungu, akasimama. "Wewe Shirish! Nani kakwambia maneno hayo?"

"Shangazi, usinikasirikie mimi. Ni historia inayosema."

"Historia ina mdomo? Mbona mdomo ninaouona ni wako, na mtindi wangu bado umeganda kwenye sharubu!"

Wageni walicheka, Shirish naye akacheka, akaendelea na safari yake. Hausabai hakucheka. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini yapo matusi ya kumtukana mtu na yapo ya kuwatukana wafu wake, na haya ya pili hayana dawa ya kicheko.

Video ilisambaa. Kijiji kizima kiliiona kabla ya wiki kuisha. Siku tatu kabla ya sikukuu ya Dasara akapanda Raosaheb, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, akihema, akakataa hata kukaa. Kila Dasara, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, koja la maua ya njano la lango kuu lilitundikwa na ukoo wa Metkari, na kabla halijatundikwa hakuna aliyeruhusiwa kuvuka kizingiti, awe tajiri, awe kuhani. Ukoo huo haukuwa na shamba la maana wala nyumba ya maana. Ulikuwa na koja.

"Mama, mwaka huu tumeonelea atundike Shirish," Raosaheb akasema. "Wageni watakuwa wengi. Haitapendeza koja likiguswa na mkono wa... wa..."

"Wa nani? Malizia, mwenyekiti. Umepanda ngazi mia saba, usishindwe na neno moja."

Raosaheb akatazama kandambili zake. Akashuka bila kulimaliza.

Hausabai akampigia simu mwanawe. Dagdu alikuwa mchukuzi wa magunia ya vitunguu soko kuu la Pune, jitu la mwanamume, mabega kama mlango. Tangu awe kijana, yeye ndiye aliyetundika koja.

"Njoo," mama akamwambia. "Wanatunyang'anya."

"Mama, niache. Huku wananiita Dhahabu. 'Dhahabu, beba hili! Dhahabu, umeuza nini leo?' Nije nisimame mbele ya watu kwa uso gani?"

"Kwa uso wa baba yako!"

"Lakini mama... huenda ni kweli. Nani alikuwepo?"

Hausabai alikata simu. Shirish alikuwa mwongo, na mwongo unamjua. Raosaheb alikuwa mwoga, na waoga wamejaa. Ila huyu alimnyonyesha. Usiku ule mkate uliungua mekoni, akaula vilevile mweusi.

Kufikia asubuhi alishajua la kufanya. Zamani, mkesha wa Dasara, ukoo wote ulikuwa ukilifunga lango, na alfajiri wakalifungua ndipo koja lipande. Kazi yake ya kwanza alipoolewa ilikuwa hiyo, kusukuma komeo pamoja na mashemeji zake. Mumewe alipokufa Dagdu angali mchanga, wanaume wengine wakahamia mijini, na desturi ile ikafa. Milango ya mbao ilikuwa imeoza ikabadilishwa miaka mitatu iliyopita, na ile mipya ikatobolewa kijilango cha kupita mtu mmoja kwa kuinama. Komeo halikubadilishwa. Lilikuwa gogo zima la msaji, nene kama kiuno cha ng'ombe, limelala ndani ya tundu lake ukutani tangu siku za wafalme.

Mkesha wa Dasara aliwakusanya wauza mtindi wote wa juu ya ngome, wanawake saba, jumla wakawa wanane. Wakalivuta gogo kwa kamba huku wakiimba wimbo wa kusagia mtama, hadi likavuka milango yote miwili na kuzama ukuta wa pili. Thakubai, jirani yake, alichunika viganja vyote viwili.

Asubuhi ngoma zikapanda, na watu wakalikuta lango limefungwa.

"Fungua, Mama!" Raosaheb akaita. "Unatutia aibu mbele ya wageni!"

"Kijilango kiko wazi," Hausabai akajibu kutoka ndani. "Aingie Shirish. Alisema Metkari alilisukuma komeo peke yake. Na alisukume, kisha koja ni lake."

Umati ukashangilia, maana watu wanapenda mchezo. Shirish akainama, akapita kijilango, simu thelathini zikimfuata. Alipoliona gogo, tabasamu lilimpungua. Akavua miwani. Akasukuma kwa mikono, akasukuma kwa bega, akasukuma kwa mgongo. Gogo halikujua hata kwamba limeguswa.

"Mimi ni mtu wa vitabu!" akafoka, uso umemwiva. "Huyo bawabu alikuwa pande la mtu. Mnataka kulinganisha?"

"Kitabu gani, Shirish?" Hausabai akamsogelea. "Kitaje. Kitaje hapa!"

Shirish akatazama huku na huku. "Shangazi, ngome isiyo na msaliti nani atalipa kuiona? Kila ngome wanauliza, nani aliuza? Ningewaambia nini?"

"Pande la mtu mnalo!" mtu akapiga kelele nje. "Dhahabu yupo!"

Hausabai hakujua kama Dagdu amekuja. Alikuja kimya, akasimama nyuma kabisa pamoja na wageni. Sasa walimsukuma mbele, akaingia kijilangoni kwa ubavu kwa sababu ya mabega yake. Hakumtazama mama yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye gogo, akaweka bega, akasukuma.

Hakusukuma kwa utani. Mishipa ya shingo ilimtoka, miguu ikachimba vumbi, akakoroma kama mnyama. Akapumzika, akashika tena, akasukuma kwa nguvu zote zilizoibebea Pune nzima vitunguu. Hausabai alimtazama na hasira ikampanda upya, kubwa kuliko zote, kwa sababu aliona wazi kwamba mwanawe anataka kujua. Gogo halikusogea hata unywele.

Dagdu akaanguka magoti. Machozi yalimtoka mbele ya watu wote.

"Mama," akasema, "halikusogea. Hakuna mtu mmoja anayeweza. Babu yetu hakuiuza ngome, Mama!"

Raosaheb mwenyewe akalipenyeza koja kijilangoni, akampa Dagdu kwa mikono miwili, akimtaka radhi. Ngoma zikarindima. Wale wanawake wanane wakashika gogo pamoja na Dagdu, wakalirudisha ukutani, lango likafunguka.

Dagdu akamgeukia mama yake, uso umemeremeta. "Nishikie ngazi, Mama."

Hausabai aliishika ngazi, kwa kuwa lazima mtu aishike. "Mimi sikuhitaji lisukumwe ndipo nijue," akamwambia. "Panda."

Akapanda. Hausabai alitazama ukutani mpaka alipomaliza.