Zamu ya Kufagia Ngazi

Jioni ya Jumatatu Lamzira Kobalia alirudi kutoka kazini na mfuko wa viazi, akafungua mlango wa chini, akasimama gizani akingoja taa ya ngazi iwake. Taa ile huwaka yenyewe ikimwona mtu. Ilimwakia Bi Stöckle wa ghorofa ya kwanza, ikamwakia hata paka wake. Kwa Lamzira haikuwaka. Alipunga mkono, akarukaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, kisha akapanda akipapasa ukuta, viazi vikimgonga goti.

Hakushangaa. Alikwisha ambiwa kwamba Ujerumani mtu asiyejiandikisha anapoishi huwa hayupo. Ila alidhani ni maneno ya watu tu.

Alikuja mwanzo wa vuli kutoka Zugdidi, kwao Georgia, kuuguza wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Kazi aliipata kabla hajafunga sanduku. Nyumba ndiyo iliyomtoa jasho. Mwishowe kijana mmoja, Marius Rapp, akampangisha chumba na jiko kwa sharti moja.

"Jina lako usilibandike kwenye kengele wala kwenye sanduku la barua," alimwambia. "Na ile karatasi ya kuthibitisha kwamba unakaa hapa, sahau, dada yangu. Mkataba ni wa babu, na mwenye nyumba hajui kwamba babu alishakufa."

Kengele ikabaki na jina la Gottlob Rapp. Lamzira alikubali, maana alikuwa na shida. Lakini bila karatasi ile ofisi ya wakazi haimwandikishi mtu, na asiyeandikishwa hawezi kumleta mtoto wake. Mtoto alikuwa Nutsa, wa miaka saba, aliyeachwa Zugdidi kwa bibi yake, na bibi mwenyewe alikuwa mgonjwa wa moyo, akipanda kitandani kwa kushikwa. Hilo ndilo lililomnyima Lamzira usingizi. Giza la ngazini angelizoea.

Baada ya taa ikafuata milango ya duka la dawa, ile inayofunguka yenyewe. Iliacha kumfungukia, akawa anangoja mteja mwingine afike ili naye apenye nyuma yake. Theluji ya kwanza ilipoanguka aligeuka akaona nyayo za wote waliopita isipokuwa zake. Kazini wazee waliendelea kumwona, kwa sababu wazee wengi mle huwaona hata wasiokuwepo. Yote hayo aliyameza. Kisha jioni moja akampigia Nutsa simu ya video, mtoto akatazama kioo kitambo kizima.

"Mama, mbona umeniwekea kiti?"

"Nimekaa juu yake, mama. Hebu tazama vizuri."

"Naona kiti na shati lako. Bibi anauliza kama unakula."

Wiki iliyofuata hata shati halikuonekana, na sauti ikawa inafika vipande vipande. Lamzira alikata simu, akaegemea friji, akalia kwa hofu. Aliogopa jambo moja tu, kwamba mtoto angekuja kuzoea.

Katika jengo lile kulikuwa na kibao cha mbao kilichochorwa ufagio. Kila Jumapili aliyemaliza zamu ya kufagia ngazi hukitundika mlangoni kwa jirani anayefuata. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa watu wale jembe ni ufagio, na siku mbili zenyewe hupewi. Bi Stöckle, mjane ambaye angeliona vumbi hata nyuma ya ukuta, hakuweza kumtundikia Lamzira, kwa kuwa Lamzira hakuwa na jina mlangoni. Akamtundikia Gottlob Rapp. Alijua fika kwamba Rapp amekufa. Alikufia likizoni, ng'ambo ya mpaka, kando ya ziwa, akazikwa huko huko, na Bi Stöckle alipeleka maua kwa mkono wake. Lakini cheti cha kifo Marius alikifungia kabatini, na zamu ni zamu.

Kwa hiyo Jumamosi alasiri Bwana Rapp alikuja kufagia.

Lamzira alisikia ufagio, akafungua mlango. Taa ilikuwa inawaka. Chini yake mzee mrefu, amevaa suti aliyozikiwa nayo, alikuwa anasukuma vumbi ngazi baada ya ngazi.

"Umeruka kona," alisema Bi Stöckle kutoka chini.

"Uchafu wa kona hiyo ni wako, Hedwig. Ulikuwapo kabla sijafa."

"Ulipokuwa hai pia ulikuwa na jibu la kila kitu."

"Na wewe ulikuwa na kidole cha kupima vumbi. Bado unacho, naona."

Alipomaliza akapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, akavua viatu, akaingia. Alimwona Lamzira bila taabu yoyote. Lamzira akampakulia mkate wa jibini, kwa sababu kwao mgeni hakai mbele ya meza tupu. Marehemu hakula, ila aliunusa kwa heshima. Alikuwa dereva wa tramu, yale magari ya reli ya mjini, maisha yake yote na hakupata kuchelewa, kwa hiyo aliposimuliwa yote aliona aibu hadi akatazama mikono yake.

"Nimelala kaburini nikijua mambo yangu nimeyaacha sawa," alisema. "Yule mjukuu hana haya."

"Alinipa pa kulala, mzee."

"Alikupa pa kujificha. Sasa sikiliza, binti. Mpangaji mwenye mkataba anaweza kumtilia sahihi mtu anayekaa naye. Mpangaji ni mimi, na kitambulisho changu bado hakijaisha."

"Lakini wewe umekufa."

"Kitambulisho hakijui."

Jumanne wakaenda. Mlango wa ofisi ya wakazi ulimfungukia Bwana Rapp, Lamzira akapita nyuma yake kabla haujajifunga. Walichukua namba, wakakaa na wengine waliochukua namba. Karani aliyewaita alikuwa Bi Korkmaz, mtoto wa watu walioingia nchi ile na sanduku moja lililofungwa kwa kamba. Alitazama picha ya kitambulisho, akamtazama mzee.

"Umepungua."

"Nimekufa tangu Mei."

"Pole sana. Cheti cha kifo kipo?"

"Mjukuu amekificha."

"Basi kwetu wewe ni mkazi. Tia sahihi hapa."

Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuchukua namba katika ofisi ile. Bwana Rapp alitia sahihi polepole, kwa mwandiko wa shule za zamani. Bi Korkmaz akagonga muhuri. Hapo kiti kililia chini ya Lamzira, kwa mara ya kwanza tangu vuli, naye akahisi uzito wa miguu yake mwenyewe ndani ya viatu. Kwa furaha akasahau hata kushukuru. Akauliza tu alichokuja kuuliza.

"Mwanangu anaweza kuja sasa?"

"Nyumba ina ukubwa gani?"

"Chumba na jiko."

Bi Korkmaz alitazama kompyuta yake. "Kwa kipimo hicho ni watu wawili."

"Ndiyo. Mimi na mwanangu."

"Wewe na Bwana Rapp."

Mzee alikohoa, ingawa hakuwa na haja ya kukohoa. "Mimi sichukui nafasi. Nakuja zamu yangu, nafagia, naondoka."

"Ofisi inahesabu majina. Haihesabu wanaopumua."

"Basi nifute."

"Nikikufuta, mkataba umekwisha, na sahihi uliyomtilia imekwisha nayo. Dada atatoka hapa kama alivyoingia." Alisema kwa upole, akausogeza mezani mfuko wa tishu uliokuwa umebaki nusu. "Tafuta nyumba nyingine, dada."

"Nimetafuta. Wote wanasema nilete kwanza karatasi ya kumleta mtoto."

"Najua. Na karatasi hiyo inataka nyumba kwanza."

Nyuma yao namba nyingine ikaitwa, na mwanamume mwenye mtoto begani akasimama akingoja kiti. Lamzira akampisha.

Jioni ile Bwana Rapp alileta bisibisi yake kutoka stoo ya chini, akafunga kibati kipya kwenye kengele. Yakawa majina mawili, Rapp juu na Kobalia chini. Taa ya ngazi ikawawakia wote wawili. Juu Lamzira akapiga simu, na safari hii mtoto akaruka kitandani alipomwona.

"Mama, umerudi. Umenyoa nywele? Hapana, umezibana. Mbona una macho mekundu?"

"Ni baridi, mama."

"Na huyo babu nyuma yako ni nani?"

"Ni mwenyeji wangu. Msalimie."

Nutsa akamsalimu, Bwana Rapp akainamisha kichwa. Mtoto alikitazama chumba chote kwa makini, kitanda, meza, dirisha, kama mtu anayepima mahali pa kuweka vitu vyake.

"Huyo babu analala wapi?"

"Halali, mama. Yeye alishafariki."

"Kama halali," Nutsa alisema, "si mimi nitalala pale asipolala?"

Lamzira alimwambia kwamba nafasi ipo. Akamwambia kwamba hairuhusiwi. Mtoto alitikisa kichwa, akasema bibi anataka maji, akaenda, na simu ikabaki inaonyesha mto wa kulalia.

Nje mlangoni kibao chenye ufagio kilikuwa kimetundikwa. Bi Stöckle alishaona jina jipya na hakungoja Jumapili. Lamzira alichukua ufagio, akafagia ngazi za juu, akafika katikati, akaketi. Bwana Rapp alisimama ngazi moja juu yake na kizoleo cha taka mkononi. Taa ilikuwa sasa inamwona Lamzira vizuri. Alipotulia ilizimika, na kila kilio kilipomtikisa mabega iliwaka tena.