Hina ya Hajja Zamzam

Hajja Zamzam alifika kwenye meza yangu ya chanjo pale Adré, mpakani mwa Chad na Sudan, akiwa amempakata mjukuu wake, Bahar. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Binti yangu, mchome huyu."

Nikautazama mkono wa mtoto. Kucha ya kidole cha mwisho ilikuwa nyeusi ti. Ndiyo alama yetu: ukichomwa sindano unapakwa wino, ukionyesha kucha unapewa pakiti ya karanga za kusaga.

"Si ameshachomwa, Hajja?"

"Mchome tena."

"Kwani mshikaki huyu?"

Akainamisha uso. "Hiyo hina yangu nyeusi."

Kule Geneina, upande wa Sudan, kabla ya kukimbia vita, Hajja alikuwa mpambaji wa maharusi. Siku waliyovuka mpaka aliona kucha nyeusi ndiyo inayoleta karanga, akaona sindano ni kumliza mtoto bure. Sasa mtoto wa kibanda cha pili alikuwa amelala na surua, macho mekundu, na siku zote Bahar alikuwa akishinda akicheza naye.

Daktari Djibrine alikuwa ameshafunga boksi la barafu lenye chanjo. Gari lilikuwa linanguruma, timu inahamia kivuko kingine cha mpakani.

"Kichupa kimoja ni cha watoto kumi," akasema. "Kikifunguliwa, kinachobaki jioni ni cha kumwaga. Nikifungue kwa mmoja? Watoto wote wa mtaa huu wana alama!"

Hajja akageuka, akaukabili mtaa mzima wa maturubai.

"We Fatna! Toka nyuma ya hilo pipa, makalio yako yanaonekana mpaka Geneina! Lete mtoto!"

"Wangu ana alama!" Fatna akajibu.

"Alama nimempaka mimi, mwongo mkubwa we! Na wewe Mastura, na wako watatu! Nimewapaka wote, nimewadanganya wazungu na weusi, haya nichekeni! Surua hiyo iko mlangoni, haiulizi kucha!"

Kisha Fatna akajitokeza, amemburuta mwanawe. Mastura akafuata na watatu wake. Mara foleni ikapita pipa la maji, kila kidole kimependeza kama cha bi harusi.

Daktari akashika kichwa. "Wote hawa? Pakiti zote zile wamekula bure?"

"Unazitaka?" Hajja akamnyanyua mjukuu wake mpaka kifuani kwa daktari. "Bahar, mtapikie daktari."

Daktari akang'ata midomo kuzuia kicheko, mabega yakitikisika. Akaenda kumwambia dereva azime gari, akarudi, akafungua boksi.

Nikavuta dawa kwa sindano. Hajja, aliyetoka kuutukana mtaa mzima bila kupepesa, akajifunika uso wote kwa shuka lake.

"Imekwisha?"

"Bado, Hajja. Hata sijamgusa."

"Fanya haraka, mtoto anaogopa."

Bahar alikuwa anachezea mkanda wa saa yangu. Nikamchoma. Akapiga yowe la kuamsha kambi, na bibi yake, ndani ya shuka, akapiga kubwa zaidi.